Mwongozo kamili: jinsi ya kuchimba historia ya viwanja vya gofu vilivyopotea

Wengi wakianza hii kazi wanaanza na jina. Wanaandika jina la klabu kwenye intaneti, wanakuta klabu ipo hai, ina tovuti, ina wanachama, ina mgahawa, basi wanafunga wanasema ah, hiki hakijafa. Kumbe klabu ilihama zamani na ile ardhi ya kwanza ishajengwa magorofa. Chukua Fresh Meadow ya Queens, New York. Uwanja ulichorwa na A.W. Tillinghast, mashindano makubwa ya PGA Championship yakachezwa pale 1930, mengine makubwa ya US Open yakaja 1932 Gene Sarazen akabeba kombe, halafu 1946 eneo likauzwa kwa kampuni ya bima likawa nyumba za kupangisha. Klabu ikabeba jina lake ikaenda Long Island, na ipo mpaka leo. Ukitafuta kwa jina utaambiwa Fresh Meadow haijapotea, ukitafuta kwa ardhi utakuta mashimo 18 ya US Open (shimo kwenye gofu ni njia nzima, toka pa kuanzia mpaka kwenye kishimo chenye bendera) yako chini ya vibaraza vya watu.

Kwa hiyo kabla hujafungua hata ukurasa mmoja, jiwekee kichwani kwamba unachotafuta ni kipande cha ardhi ambacho kwa miaka fulani kilikuwa na mashimo na bendera. Klabu inahama, inabadili jina, inaungana na nyingine, inakufa na kufufuka. Ardhi iko palepale. Mwongozo wote huu umekaa juu ya hilo, na ndo maana hatua zangu hazifuati mpangilio uliozoeleka wa kuanza na historia ya klabu.

Kwanza jua viwanja vinakufaje

Sababu ya kifo ndo inakuambia ukaulize wapi. Kwa Uingereza vita ya pili ya dunia ilimaliza vingi, ardhi ililimwa kwa ajili ya chakula, kwingine wakachimba mitaro na kusimika nguzo ili ndege za adui zisitue, na vingine vikageuzwa viwanja vya ndege kabisa. Turnberry kule Scotland iligeuzwa hivyo vita zote mbili na bado ikafufuliwa, lakini hiyo ni bahati ya wachache. Marekani viwanja vilijengwa kwa kasi sana miaka ya 1920, kwa mikopo, halafu soko la hisa likaanguka 1929 na klabu zikaanza kufilisika moja baada ya nyingine. Baada ya vita miji ikapanuka ikala vilivyobaki. Pomonok, pale pale Queens, ilichezewa PGA Championship 1939, leo ni nyumba za serikali zenye jina hilohilo. Tokyo nao walikuwa na uwanja wa Komazawa tangu 1914, sasa ni bustani ya michezo iliyotumika Olimpiki ya 1964.

Na usidhani ni mambo ya babu tu. China ilitangaza Januari 2017 kwamba imefunga viwanja 111. Singapore, Jurong Country Club ilichukuliwa ardhi yake kwa ajili ya treni ya mwendokasi ya kwenda Kuala Lumpur, klabu ikafunga, halafu mradi wenyewe wa treni ukaja kufutwa mwanzoni mwa 2021! Kwa hiyo kama kilichoua uwanja ni kufilisika, nenda kwenye matangazo ya mahakama na minada (Uingereza London Gazette imejaa matangazo ya kampuni za klabu kuvunjwa), kama ni vita nenda nyaraka za jeshi na za kilimo, kama ni ujenzi nenda ofisi ya ardhi na mipango miji.

Hatua ya 1: pata stesheni ya treni

Najua inasikika ajabu lakini ngoja nieleze. Kulikuwa na vitabu vya mwaka vya gofu, orodha za klabu zote zilizojulikana mwaka ule, Uingereza vilianza kutoka mfululizo miaka ya 1880 na Marekani kuelekea 1900. Maktaba ya kidijitali ya LA84 ya Los Angeles ina majarida mengi ya zamani ya gofu bure kabisa, na USGA, chama cha gofu cha Marekani, nao wana maktaba yao ya mtandaoni. Kwenye orodha hizo kila klabu inapewa mistari michache, mwaka wa kuanzishwa, idadi ya wanachama, jina la katibu, idadi ya mashimo, na karibu kila mara stesheni ya karibu na umbali wake. Watu enzi zile walikuwa wanakwenda kucheza kwa treni, kwa hiyo stesheni ilikuwa taarifa ya lazima.

Wengi wanarukia mwaka na majina ya viongozi, hiyo ya stesheni wanaiacha. Wewe anza nayo. Ikisema uwanja uko maili moja kutoka stesheni fulani, fungua ramani, chora duara la kilomita 1.6 kuzunguka stesheni (hata kama reli imeng'olewa, ramani za zamani zinayo), halafu ndani ya duara toa makazi ya wakati huo, toa mabwawa, toa miteremko mikali. Kinachobaki mara nyingi ni sehemu mbili tatu tu zinazoweza kubeba uwanja. Kwa makisio ya kisasa mashimo 9 yanataka kama hekta 20 hadi 25 na 18 yanataka 50 hadi 60, ila vya kabla ya 1900 vilikuwa vidogo zaidi, mashimo mafupi na yanakatizana, usije ukatupa eneo zuri eti dogo.

Fuata klabu hiyohiyo mwaka kwa mwaka. Stesheni ikibadilika ghafla, klabu imehama, na wewe umepata viwanja viwili badala ya kimoja. Idadi ya mashimo ikitoka 9 ikawa 18 inaweza kuwa wameongeza au wamehama, usiamue bado. Na klabu ikitoka kwenye orodha haimaanishi ilikufa mwaka huo, orodha zilikuwa zinabeba taarifa za zamani bila kuuliza mtu, kuna klabu zilikufa na zikaendelea kuorodheshwa na katibu yuleyule.

Hatua ya 2: magazeti, na mtego wake

Chronicling America ya Library of Congress ni bure, Trove ya Australia bure, Papers Past ya New Zealand bure, British Newspaper Archive ya kulipia lakini maktaba nyingi zinakuruhusu kuitumia ukiwa ndani. Usitafute jina la klabu peke yake. Mashine iliyosoma maandishi ya zamani inakosea sana, golf inakuwa gulf, inakuwa golt, kwa hiyo jaribu na makosa pia, jaribu links, jaribu golf grounds, jaribu jina la shamba au la mwenye shamba. Hilo la mwenye shamba linazaa matunda kuliko yote maana klabu nyingi za mwanzo zilikodi malisho ya mkulima, na gazeti linaandika wamecheza kwenye shamba la bwana fulani bila hata kutaja klabu.

Sasa mtego. Magazeti yanapenda kutangaza mipango. "Uwanja wa mashimo 18 utafunguliwa masika," mtaalamu ameshakuja kukagua, hisa zinauzwa, kila kitu. Halafu kimya. Uwanja haukuwahi kujengwa, na leo upo kwenye orodha za watu kama uwanja uliopotea. Haujapotea, haujawahi kuwepo! Mimi tangazo la mpango silihesabu kabisa. Nataka matokeo ya mashindano yenye majina na alama, au habari ya mchezo uliokwishachezwa, au malalamiko (haya ni matamu kuliko yote, ng'ombe wamekanyaga grini, yaani nyasi fupi laini zinazozunguka kishimo, mpira umevunja dirisha la mtu). Mtu halalamikii uwanja ambao haupo.

Jambo lingine ni wachoraji. Kila kijiji kinataka uwanja wake uwe ulichorwa na Old Tom Morris au Donald Ross. Zamani mtu alikuwa anaweza kuja asubuhi, anasimika vijiti vya kuonyesha mashimo yaanzie wapi yaishie wapi, jioni anapanda treni. Tom Bendelow alifanya kazi kwa staili hiyo sehemu nyingi Marekani na jina lake likasambaa kila kona. Kama huna chanzo cha wakati uleule kinachosema fulani alikuja, andika "inasemekana" na uendelee na maisha. Kwa Ross angalau kuna Tufts Archives pale Pinehurst yenye michoro yake, unaweza kuuliza.

Hatua ya 3: ramani

Uingereza una bahati. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka ramani za zamani za Ordnance Survey (ofisi ya ramani ya Uingereza) mtandaoni, za Scotland na England na Wales, na unaweza kuilaza ya zamani juu ya picha ya leo ukavuta kitufe inakolea na kufifia. Zile za inchi 25 kwa maili, yaani 1:2500, zinaonyesha mpaka klabuhausi. Marekani tumia topoView ya USGS (idara ya jiolojia na ramani ya serikali), na kwa maeneo ya mjini ramani za bima ya moto za Sanborn ambazo Library of Congress wamezipandisha nyingi.

Mambo mawili tu ya kuangalia hapa. Ramani ina tarehe ya kupimwa na tarehe ya kuchapwa, na zinaweza kuachana miaka kadhaa. Uwanja uliofunguliwa katikati ya tarehe hizo hautaonekana, na mtu atakuja na ramani kukuambia haukuwepo. La pili, ramani za USGS zenye rangi ya zambarau, ile zambarau ni marekebisho yaliyotolewa kwenye picha za angani bila mtu kwenda kukagua ardhini, kwa hiyo ziamini kwa kiasi.

Hatua ya 4: picha za angani

Hapa ndo penye utamu, kaa nazo.

Marekani wizara ya kilimo ilianza kupiga picha mashamba nchi nzima miaka ya 1930, na wakati huo viwanja vingi vilivyokuwa vinakufa bado alama zake zilikuwa wazi. Unazipata National Archives, vyuo vikuu (UCSB wana mkusanyiko mkubwa sana), Pennsylvania kuna Penn Pilot, na EarthExplorer ya USGS kwa za baadaye. Uingereza kuna Britain from Above yenye picha za Aerofilms za 1919 hadi 1953, zilizopigwa kwa pembeni kwa hiyo unaona mpaka vimo vya vilima, na kuna NCAP ya Edinburgh, hifadhi ya taifa ya picha za angani. Kwa viwanja vya karibuni Google Earth ya kompyuta ina kitufe cha saa cha kurudi nyuma ya muda. Picha za Landsat zinarudi mpaka miaka ya 1970, ila tangu 1982 pikseli moja ni mita 30, feawei nzima (ukanda wa nyasi zilizokatwa katikati ya shimo) inaweza kuingia kwenye pikseli moja kwa upana, utaona doa la kijani tu. Inatosha kujua mwaka uwanja ulipokauka, haitoshi kujua shimo la 7 lilikuwa wapi.

Sasa zile nyeusi na nyeupe za miaka ya 1930. Nyingi ni kipimo cha 1:20,000. Piga hesabu, shimo la yadi 400 ni mita 366, kwenye picha ni sentimita 1.8. Banka, yaani shimo la mchanga la kutega wachezaji, yenye upana wa mita 10 ni nusu milimita! Ukiletewa skani ya dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) hiyo banka ni pikseli 6, doa tu, huwezi kulitofautisha na kichaka. Omba dpi 1200, hapo unapata pikseli karibu 24 na unaanza kuona umbo. Usikubali skani ya kawaida kwa sababu ni ya bei nafuu, utalipa mara mbili.

Ukishaipata tafuta vitu kwa mpangilio huu. Mchanga kwanza, unang'aa mweupe kuliko chochote, na ukiona vidoa vyeupe viwili vitatu vimezunguka duara laini umeshapata grini. Ukipata grini moja angalia jirani yake, hatua chache tu, utaona kijukwaa cha mstatili ambapo shimo linalofuata lilianzia, maana zamani watu walitoka grini wakaanzia shimo jingine papohapo. Kutoka kijukwaani fuata ukanda wa nyasi zilizokatwa, unakuwa na rangi tofauti na pembeni. Ndo hivyo unatembea shimo kwa shimo mpaka urudi klabuhausi, na kama hesabu yako inaishia 8 au 10 kuna kitu umekosa, rudi. Kama uwanja ulishakufa wakati wa picha mchanga utakuwa umeota nyasi, hapo tegemea vivuli, na omba picha mbili zilizofuatana za ndege ileile maana zinapishana kama asilimia 60 na ukiziangalia kwa kifaa cha stirioskopu ardhi inainuka mbele yako.

Vinavyodanganya ni machimbo ya kokoto, mabwawa ya kunyweshea mifugo, mashimo ya mabomu, na viwanja vya farasi. Machimbo yana barabara inayoingia ndani, banka haina.

Kwa mfano wa picha na michoro inavyoweza kufika mbali angalia Lido, uwanja wa Charles Blair Macdonald na Seth Raynor kule Long Island, uliofunguliwa 1917, jeshi la majini likauchukua 1942 na ukaisha. Peter Flory, ambaye si mchoraji wa viwanja kwa kazi, alikusanya picha na michoro ya zamani akaujenga upya ndani ya gemu ya kompyuta, kilima kwa kilima. Tom Doak na timu yake wakautumia huo mfano kuongoza mashine kwa GPS, na 2023 Lido ikafunguliwa tena, kule Sand Valley, Wisconsin. Ardhi ya awali haikurudi, lakini umbo lake limerudi.

Hatua ya 5: laida, pale ambapo msitu umefunika

Laida ni upimaji wa ardhi kwa mwanga kutoka kwenye ndege, na data yake ukichagua toleo la ardhi tupu miti yote inaondolewa. England inatolewa bure na Environment Agency kwa kipimo cha mita 1, Marekani iko kwenye mradi wa 3DEP wa USGS. Pakua, fungua kwenye QGIS (programu ya ramani, bure pia), weka kivuli cha vilima, halafu geuza upande wa mwanga mara tatu nne, kwa sababu kitu kinachojificha mwanga ukitoka kaskazini magharibi kinajitokeza ukitoka mashariki.

Grini zinaonekana kama majukwaa laini, banka kama vibakuli. Kwa viwanja vya miaka ya 1890 tafuta matuta yaliyonyooka yanayokatiza njia ya mpira, ulikuwa mtindo wa wakati ule, tuta la udongo refu na mtaro wa mchanga mbele yake. Usichanganye na mifereji ya kilimo cha kale, hiyo inakuja kwa makumi sambamba, tuta la gofu linakaa peke yake.

Ukitaka kuilaza picha ya zamani juu ya ramani kwenye QGIS, chagua alama zisizohama. Njia panda, kona ya kanisa, daraja la reli. Kingo za mto na miti achana nazo. Alama 4 ni za kuanzia, mimi sikubali chini ya 6 na nataka zizunguke uwanja pande zote, sio zote zirundikane upande wa kijijini.

Hatua ya 6: nenda, na uongee na watu

Omba ruhusa kwa mwenye ardhi, hii sio hiari, na kipima chuma usikitoe bila ruhusa ya maandishi. Kiangazi kikali ndo msimu mzuri, nyasi juu ya udongo uliosumbuliwa zinakauka tofauti na uwanja unajichora wenyewe, Uingereza 2018 ilikuwa hivyo. Ukiokota mpira unaweza kukusaidia tarehe, ile ya gundi ngumu ya gata-pacha ilianza 1848, na ile ya Haskell yenye nyuzi za mpira ndani ikaja mwishoni mwa miaka ya 1890 ikaifuta.

Wazee wa kuhojiwa, usikimbilie waliokuwa wanachama. Tafuta waliokuwa makedi, wale wabebaji wa vifaa vya wachezaji. Mwanachama anakumbuka sherehe na kombe, kedi anakumbuka mpira ulikuwa unapotelea wapi. Usimuulize "uwanja ulikuwaje", mwekee picha ya angani mezani, mpe kalamu na karatasi laini juu yake, mwambie akuonyeshe ulikuwa unaanzia wapi. Usimwonyeshe kwanza mchoro wako maana ataukubali kwa heshima tu.

Hatua ya 7: kupima ushahidi

Uwanja nauhesabu umethibitika pale ninapokuwa na ushahidi wa aina mbili tofauti, mmoja wa maandishi ya wakati ule na mmoja wa ardhi yenyewe (ramani, picha, laida). Magazeti matano yaliyonakiliana ni shahidi mmoja. Na mwaka wa kufa andika kama ni kati ya lini na lini, "ulikuwepo picha ya 1938, haupo ramani ya 1947" ni taarifa bora kuliko "ulifungwa 1942" isiyo na mguu.

Hata ukiwa na vyote kuna mpaka wa unachoweza kudai. Askernish kisiwani South Uist, Scotland, inahusishwa na Old Tom Morris aliyefika 1891, ikasahaulika, ikafufuliwa na kufunguliwa 2008, na watu bado wanabishana, kwa sababu mchoro wake Old Tom haupo na waliofufua ilibidi waisome ardhi wenyewe. Uwanja ni mzuri sana kwa kila anayeuongelea. Ila kusema hili ni shimo lilelile alilosimika yeye ni kudai zaidi ya ushahidi, kwa hiyo kwenye kazi yako tenganisha wazi kilichoonekana na ulichokisia, hata kwa rangi mbili tu kwenye ramani.

Kwenye rekodi yako weka majina yote ya klabu kwa miaka yake, idadi ya mashimo, urefu kwa yadi kama ulivyoandikwa (ubadilishe mita pembeni, usifute yadi), sababu ya kufungwa, ardhi inatumikaje sasa, na chanzo cha kila kipande chenye tarehe na ukurasa. Mistari ya mashimo isevu kama KML (aina ya faili la ramani) ifunguke kwa mtu yeyote, nakala peleka maktaba ya eneo husika. Koordineti weka mbili, ya klabuhausi na ya katikati ya uwanja, na useme ipi ni ipi, maana klabuhausi mara nyingi ilikuwa ng'ambo ya barabara na mtu akitumia hiyo peke yake ataenda kutafuta grini kwenye shamba la jirani.